Kura Zisizo na Pa Kwenda

Uel Mawhinney alikuwa diwani kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka yote hiyo chama chake hakikuwa na diwani mwingine popote. Kilikuwa chama cha watu wachache waliotaka Ireland ya Kaskazini ibaki na Uingereza, lakini waliokiona chama kikubwa cha upande wao kimelegea. Mkutano wao mkuu ulienea katika ukumbi wa Orange, chama cha kidugu cha Waprotestanti, mjini Carnbrae, na viti vikabaki. Uel hakujali. Mchana aliuza rangi na misumari, jioni alihangaikia mitaro na taa za barabarani za watu. Akisema "chama", alikuwa anajisema mwenyewe.

Uchaguzi uliofuata, chama kikamsimamisha pamoja na Lorna Gilliland katika kata ileile, iliyochagua madiwani kadhaa kwa pamoja. Alikuwa muuguzi wa mifugo, miaka thelathini na moja, mcheshi.

"Mpiga kura anawaandikia wagombea moja, mbili, tatu, jinsi anavyowapenda," katibu wa chama alimbembeleza Uel. "Mmoja wenu akitolewa kwa kura chache, karatasi zake zinamwendea aliyeandikiwa mbili, yaani mwenzake. Kiti hakitupotei."

"Najua kuhesabu, bwana."

Wivu ulimwingia Uel tangu siku ya kwanza ya kupiga hodi kwa wapiga kura. Bibi Purdy, ambaye miaka yote alimsikiliza akiwa ameshika mlango nusu, alimvuta Lorna hadi jikoni akamkatia keki. Uel alibaki kizingitini na karatasi zake za kampeni. Keki yenyewe hata haipendi, lakini iliuma.

Siku ya pili akaanza kuzunguka peke yake. Karatasi alizogawa zilisema Uel moja, Lorna mbili. Mdomo wake ulisema mengine.

"Niandikie moja mama, halafu weka kalamu chini."

"Na yule binti je?"

"Ana watu wake. Hana shida yule."

Mkewe, Iris, alimsikia kwa jirani. "Unamchimba mwenzako, Uel."

"Nakilinda chama."

"Chama, au pua yako?"

Uel akajifanya anatafuta miwani.

Kura zilihesabiwa kwenye ukumbi wa michezo, mawakala wameinamia vizuizi kuchungulia kila karatasi. Uel alikuwa amejipangia mambo: Lorna atolewe mapema, kura zake zimbebe yeye. Msimamizi akasoma kura za moja: Gilliland, mia sita na kumi na moja. Mawhinney, mia tatu themanini na nane. Uel aliomba arudiwe, akarudiwa.

Raundi ya nne ya kuhesabu, wakamtoa Uel kwa kura chache. Karatasi zake zikaanza kupangwa upya mbele ya macho yake. Fungu la zilizomwendea Lorna likawa jembamba. Fungu la zisizo na pa kwenda, zenye ile moja peke yake, likapanda hadi mia mbili na saba. Kiti cha mwisho kikachukuliwa na mtu wa chama kikubwa, aliyemshinda Lorna kwa kura ishirini na tatu. Chama cha Uel kikabaki bila kiti hata kimoja.

"Mia mbili wameishia kwenye moja?" katibu aliuliza polepole, akimtazama. "Watu wako, Uel?"

"Wazee wale. Huchoka."

 Katibu alikunja karatasi yake akaondoka.

Lorna alikuja macho mekundu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Samahani sana, Mzee Uel. Nilijua mimi ndiye nitakayetoka kwanza, kwa hiyo kila mlango niliwaomba mbili wakupe wewe. Nyumbani kwetu hata mbili hatukusubiri. Mimi, mama na kaka zangu, sote moja tulikupa wewe."

Uel alifungua kinywa ili akiri. Lakini watu walikuwa wanasogea kumpa Lorna pole, wanamkumbatia, na Bibi Purdy alimpita yeye bila kumwona. Akafunga kinywa. Mungu amsamehe, hata machozi ya yule binti aliyaonea wivu.