Kipande cha Muwa cha Laban

Mvulana niliyemfundisha kwa kinywa changu kwamba sukari ni adui yake alirudiwa na fahamu kwa sababu nilimpaka sukari ndani ya mashavu, mchana, mbele ya darasa zima. Wanafunzi waliotuzunguka walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Siwezi kuwalaumu. Somo walikuwa wamelishika vizuri, na walikuwa wamelitii.

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti katika shule ndogo ya misheni pale Ihanda, Mbozi, zama za Waingereza. Mwalimu Mkuu wa pale hakuniuliza nimesoma nini chuoni. Alinikabidhi kengele akaniambia, "Kina mama wanabandika chungu kwa kengele hii. Ukichelewa wewe, watu wote wa hapa watakula wamechelewa." Huko ndiko nilikojifunza kwamba kitu anachofanya mwalimu hakiishii shuleni.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa shule ya kati, yaani ile ya darasa la tano hadi la nane, huko huko Mbozi. Ilikuwa ya bweni. Nilipewa masomo mawili ambayo wenzangu hawakuyataka: siha, ambayo ni elimu ya kutunza afya, na drili, mazoezi ya viungo ya kila asubuhi, mikono juu, mikono chini, kuruka, kukimbia kuzunguka uwanja. Drili haikupendwa. Kiranja wa darasa la saba, kijana wa Kinyamwanga aliyeitwa Simbeye, aliniuliza siku moja kwa heshima zote, "Mwalimu, jana tumepalilia mahindi ya shule, leo alfajiri tumechota maji ya jikoni. Hayo hayakuwa mazoezi?" Darasa lilicheka. Nikajibu kwamba jembe hukunja mgongo na drili huunyoosha. Jibu liliwatosha wao kuliko lilivyonitosha mimi.

Laban, wa darasa hilo hilo la saba, alitoka Iyula, kwenye kahawa. Alikuwa mwembamba, mwenye mbio kuliko wote. Muhula mmoja alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, akawa anaamka kila mara kwenda chooni, akakonda hadi kaptura ikafungwa kwa kamba. Wenzake waliona sisimizi wamejaa pale alipokojoa. Tulimpeleka hospitali ya misheni. Mganga Msaidizi alichemsha mkojo wake pamoja na maji ya dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali. Maana yake mkojo ulikuwa na sukari.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza. Kitabu cha siha nilichofundishia kilisema ugonjwa huo huwapata watu wanene, wakaao tu, walao vitamu. Laban hakuwahi kukaa tu, na kwao sukari ilionekana Krismasi. Nilimuuliza Bwana Daktari, mkuu wa hospitali ile. Alivua miwani akaifuta, akasema ugonjwa huo una namna zake, na huu wa watoto hakuna ajuaye chanzo chake. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kimeacha kutoa maji yanayoutumia utamu wa chakula. Atachomwa sindano ya insulini kila siku, ale kwa saa, asiguse sukari, na afanye mazoezi, maana misuli inayofanya kazi huichoma sukari.

Kisha akaongeza neno lililopingana na yote hayo. "Lakini awe na kitu kitamu mfukoni. Sindano ikizidi chakula, sukari itashuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, ataanguka. Hapo mpeni utamu upesi."

"Utamu huo huo, Bwana Daktari?"

"Huo huo."

Mwalimu Mkuu wa shule hii ya kati hakupendezwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye woga wa mambo asiyoyajua. Aliniita ofisini akasema, "Mwalimu, hii ni shule, si wodi. Akianguka mara moja tu, atarudi kwao." Laban alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Mama yake, mjane, alikuwa ameuza kahawa yake yote ili mtoto afike darasa hilo, na Iyula hakukuwa na mtu wa kumchoma sindano. Kurudi kwao kulikuwa ni kurudi kufa.

Basi dawa tuliihifadhi kwenye mtungi uliofukiwa katika mchanga wenye maji, na sindano ya kioo nikawa naichemsha mwenyewe. Darasani nilifundisha ugonjwa wa sukari kwa wiki nzima. Nilisema mwenzao asipewe vitamu, na kwamba jasho ni sehemu ya dawa yake. Habari ya kitu kitamu cha mfukoni Laban aliniomba nisiitaje. Alibeba kipande cha muwa kilichomenywa, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kwetu mtoto hali kitu peke yake mbele ya wenzake. Wakijua anao, alisema, itabidi awagawie, na akikataa ataitwa mchoyo hadi mwisho wa muhula. Niliona ana haki.

Ikafika siku ya kujiandaa kwa ajili ya Mkaguzi wa Elimu. Drili ilirefushwa, chakula cha mchana kikachelewa. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja nikipanga darasa la tano nilipoona kundi la darasa la saba limesimama. Laban alikuwa chini, shati limelowa, macho yametazama kusikoeleweka.

Simbeye alinilaki mbio. Hakuwa na hofu, alikuwa na fahari. "Mwalimu, tumemkamata na muwa akitaka kuula kwa siri. Tumemnyang'anya, tukamkimbiza mizunguko mingine ili sukari iungue. Tumemsimamia vizuri."

Laban hakuweza tena kutafuna; niliita sukari iletwe, na mke wa Mwalimu Mkuu akaleta kikombe. Nilichukua kwa kidole nikampaka kwenye ufizi na ndani ya mashavu, kidogo kidogo. Mwalimu Mkuu alisimama juu yangu akanong'ona, "Mwalimu, si ulisema hiyo ni sumu yake?" Nikaendelea kupaka. Baadaye Laban alimeza mate, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama kengele ya chakula imelia.

Simbeye alikuwa bado ameshika ule muwa. Akaniuliza taratibu, "Sasa, Mwalimu, kesho tumwache akimbie au tumzuie?"

Nilimpelekea Bwana Daktari swali hilo. Alisema akimbie, ila asizidishe. Nikamuuliza kuzidisha kunaanzia wapi. Akasema laiti angelijua angeniandikia.

Mwalimu Mkuu alitimiza neno lake. Wiki hiyo mjomba wa Laban aliyefanya kazi migodini, ng'ambo ya mpaka, alikuja kumchukua, akisema huko kuna hospitali kubwa yenye sanduku la barafu la kuwekea dawa. Niliwasindikiza kupitia kijiji cha Mpemba hadi Tunduma, mpakani. Kabla ya kuvuka, Laban alinionyesha mfuko wa shati. Simbeye alikuwa amemmenyea muwa mpya.

Nilifundisha shule nyingine kadhaa hadi nikastaafu, na siha sikuiacha. Nyinyi mnaofundisha leo mna vipimo na vitabu vizuri zaidi, nami nafurahi. Ila somo likieleweka na darasa zima, mimi bado huingiwa na wasiwasi.

Miaka baadaye wanafunzi wangu wawili wa zamani walirudi kutoka migodini. Mmoja alisema alimwona Laban, mtu mzima, akicheza winga katika timu ya mgodi. Mwingine alisema alikuwepo mazishini kwake, kabla hata mvua za mwaka ule aliovuka mpaka hazijaanza. Niliwauliza kila mmoja peke yake, kisha wote pamoja, na hakuna aliyebadilisha neno. Hao wawili niliwafundisha miaka minne, na sikuwahi kumkamata yeyote kati yao akisema uongo.