Simu Mkoroshoni

Mwezi wa sita mwaka 2007, ufuta ukivunwa, nilimpoteza mdogo wangu huko Mandawa. Siri yake ilikuwa imetangulia kutoka.

Alikuwa amechumbiwa, na harusi ilingoja mavuno yaishe. Lakini akipanda kilima kidogo tu alihema kama mzee. Mimi niliishi Nachingwea mjini, nikampeleka hospitali. Walimbandika nyaya kifuani, zikaunganishwa na kisanduku alichofungwa kiunoni ili kiandike mapigo ya moyo mchana na usiku. Aliomba majibu aambiwe yeye tu, maana kwetu mwanamke mwenye moyo mbovu huulizwa atazaaje. Muuguzi akaahidi. Hata mimi dada yake nisingeambiwa.

Kisanduku alikifunika kwa khanga mbili. Jirani yangu, mtani wetu, aliona uvimbe ule akamuuliza kama siku hizi anatembea na redio.

"Mahari hiyo," mdogo wangu akamjibu. "Sogea, usije ukaniibia."

Tulicheka. Kesho yake tukakirudisha. Majibu wangempa baadaye kwa simu ya kijijini, kwa hiyo akarudi Mandawa, nami nikamfuata kusaidia shambani.

Wakati ule mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye mkorosho wa mzee mwenye simu. Aliifunga kwa kamba kwenye tawi. Ukiiondoa pale inakata, hivyo kila mtu aliongea kwa spika, wengine wakingoja zamu. Mwenye jambo la ndani alisema, "Nipisheni," nao wakasogea. Hakuna aliyekataa.

Siku tuliyoitwa kupokea simu ya hospitali, shangazi wa mchumba wake alikuwa miongoni mwa waliongoja.

Muuguzi alikuwa mwangalifu. Alimtaka ataje jina lake, la baba yake na la kijiji, asije akampa mtu mwingine siri ya mgonjwa. Sauti haikufika vizuri, mdogo wangu akayarudia yote kwa kupaza sauti.

"Uko peke yako?" muuguzi akauliza.

Mdogo wangu alimtazama shangazi. Angesema nipisheni, shangazi angejua kuna jambo.

"Niko peke yangu."

"Moyo wako umechoka, dada. Mapigo yanaruka. Usibebe mzigo, na usishike mimba mpaka uonane na daktari mkubwa."

Shangazi alisema, "Pole, mwanangu," akaondoka bila kupiga simu yake.

Watu wa mchumba wake hawakutuma mtu kuvunja uchumba. Waliacha tu kuja. Nilimsihi mdogo wangu turudi hospitali, akakataa.

"Wakiniona shambani, dada, watajua naweza."

Akawa anabeba matita ya ufuta kichwani na kupita mbele ya nyumba yao, ingawa njia yetu ilikuwa fupi zaidi. Nilijaribu kumpokea, akanipita. Nilimweleza mama, mama akalia. Asubuhi moja, karibu na nyumba ile, mdogo wangu alitua tita chini, akalikalia, akainama upande. Nilipomfikia alikuwa bado ana joto, lakini hakuitika.

Siku ya kuanua matanga, shangazi alikuja na wenzake wawili. Mama akawakaribisha mkekani. Walikula, wakanawa mikono, wakampa mama pole. Kisha wakaondoka.