Boi Hayupo Kwenye Nyumba ya Injini

Mwaka 1956, kwenye mgodi wa madini ya risasi nje kidogo ya Mpanda, nyumba ya injini ilikuwa na sheria moja iliyopakwa rangi nyekundu mlangoni: kila kitu kiitwe kwa jina lake. Aliiweka msimamizi mwenyewe, Mzungu mwembamba mwenye sauti nene, baada ya kumwambia mtu "mwaga ile kitu kule", na mtu akamwaga kweli: dizeli kwenye oili. Injini ikakohoa kama bibi mvuta kiko, mgodi mzima ukalala gizani. Toka hapo jenereta ni jenereta, swichi ni swichi, fyuzi ni fyuzi. Ukisema "ile kitu", umejitakia.

Cletus, Mkonongo mrefu mwenye kiburi cha kumtosha na cha kuwaazima majirani, aliyakariri majina hayo kama katekisimu. Injini aliiwasha yeye. Na kila siku msimamizi alimwita "Boi!"

Siku moja akaacha kugeuka.

"Boi! Zima swichi!"

Cletus akaendelea kufuta jenereta.

"Boi! Husikii?"

"Nasikia, bwana. Namtafuta. Hapa naona jenereta, swichi, fyuzi, pampu. Boi simwoni. Labda yuko stoo."

Kabla jua halijafika utosini, Cletus alikuwa ameshatupwa stesheni ya reli kuviringisha mapipa ya dizeli.

Jioni mkewe Hilaria akamsimanga. "Jina halipikwi, baba Josephina. Si ungeitika tu?"

"Nikiitika mimi, Josephina ataitwa nani? Binti Boi?"

"Haya, kula hilo jina lako," Hilaria akasema, akamwongezea mboga.

Stesheni, Melkior na Krispini, waviringisha mapipa wa siku nyingi, walimpokea kwa kejeli. "Karibu, fundi! Huku pipa linaitwa pipa, na jua linaitwa jua!" Alipowasimulia kisa chake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika. Wao je, waliitwaje?

Kesho yake msimamizi akaja mbio na lori. Tangi la injini lilikuwa limebaki na dizeli kama mkojo wa panya.

"Boi! Nyie! Pakia dizeli, upesi!"

Hakuna aliyegeuka. Krispini, aliyekuwa mwoga kuliko wote, akakalia pipa.

"Mnataka nini?"

"Sheria ni yako, bwana," Cletus akasema. "Kila kitu kiitwe kwa jina lake. Mimi Cletus. Huyu Krispini. Yule Melkior. Anza na sisi, dizeli itafuata."

"Nitawafukuza wote!"

"Fukuza. Pipa utaviringisha na nani?"

Msimamizi akatazama lori. Akatazama mapipa. Shingo ikamwiva kama nyanya ya kijijini Magamba.

"Kle... tus," akatamka, kama mtu anayemeza kwinini.

"Naam, bwana," Cletus akaitika, wala hakuinuka. "Bado wawili."