Maji ya Tangi

Jumamosi iliyopita, katika gereji ya jua kali karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, fundi aliinua boneti ya gari langu, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, kisha akanipa habari ambayo nimeikwepa tangu Pasaka. Injini imechoka. Inakula oili, inatoa moshi wa samawati, na asubuhi inaamka kwa kuguna. "Madam, hii tufungue tu," alisema. "Ukingoja mwaka ingine, utanunua injini mzima." Gari lenyewe lina umri wa kupiga kura. Kuliuza haliuziki, kununua jingine siwezi, na ndilo linalonipeleka kazini Ahero kila siku na kunirudisha. Basi tukakaa juu ya matairi mawili makuukuu tukapanga: ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya, pampu ya maji ya mtumba. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu akauliza, hata bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Na huwa unaweka maji gani?"

Nilimwambia nitarudi Jumatatu. Sikurudi. Unaweza kunicheka ukitaka, rafiki yangu: mtu mzima mwenye mvi kichwani, amekimbia swali la maji. Lakini niliwahi kuulizwa swali hilo nikiwa na miaka tisa, na kwa sababu ya jibu langu kuna mtu alipoteza kila kitu alichokuwa nacho.

Kwetu kulikuwa upande wa Seme, chini ya Kombewa, mahali ambapo shamba linaisha na ziwa linaanza bila mtu kukuambia. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu, na uji wa mtama wenye ukwaju ambao Mama aliupika mzito hivi kwamba kijiko kilisimama chenyewe. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na gari letu lilikuwa la pekee kwa vijiji vitatu. Hapo kale lilikuwa jeupe, kabla ya vumbi la barabara kulifanya rangi ya chai. Lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi, lilibeba majeneza, na majirani waliliita "gari yetu" bila kuona haya, hasa siku ambazo halikuhitaji kusukumwa. Lilipowaka alfajiri kuku walitawanyika na mbwa wakabweka, na mimi nilijua siku imeanza.

Mahali fulani lilivuja, na kila asubuhi lilikunywa lita tano za maji. Kazi ya maji ilikuwa yangu. Baba alikuwa na sharti moja tu: maji yatoke kwenye tangi la shule, maji ya mvua, kamwe yasitoke ziwani. "Injini ni kama mtoto mchanga," alisema. "Haipewi maji ya ziwa." Tangi lilikuwa juu kilimani, na ufunguo wa bomba lake ulining'inia shingoni mwa mke wa mwalimu mkuu. Mama yule hakufungua bomba mpaka kwanza umfagilie uwanja, kisha umwonyeshe kucha zako, kisha usimame wima usikilize alivyokuwa msafi yeye alipokuwa na umri wako. Ziwa lilikuwa nyuma ya shamba letu. Wasichana wenzangu walikuwa pale tangu mapambazuko, wakisugua sufuria kwa mchanga, wakiimba na kurushiana maji. Wewe ungekwenda wapi?

Sikuona kama ni udanganyifu. Niliyachuja maji kwa kitambaa cha kichwani, nikayaacha yatulie kidogo nyuma ya choo, na yakishatulia nilikuwa siwezi kuyatofautisha na ya tangi. Maji ni maji, nilijiambia. Nilifanya hivyo karibu kila siku kwa zaidi ya mwaka mmoja. Bandu bandu huisha gogo, na mimi nilikuwa nachota kwa jerikeni.

Halafu mambo mawili yakatokea pamoja. Gari likaanza kutoa moshi mwingi hadi watoto wakawa wanalikimbia kwa mayowe, na Mama akapata mimba. Mimi nilitolewa tumboni kwa kisu, na daktari aliyemshona alimwambia kwamba mtoto wa pili lazima azaliwe hospitali kubwa ya Kisumu, kwa kisu vilevile, na asicheleweshwe njiani. Kwa hiyo gari lilikuwa lazima lifunguliwe na kufungwa kabla ya siku zake kutimia. Nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Baba alipanga kazi ile kama alivyopanga masomo ya muhula. Alichukua daftari la hesabu lenye kurasa zilizobaki, akapiga mstari katikati. Kushoto aliandika LAZIMA, kulia YANGOJE. Ringi, beringi na gasketi zilikwenda kushoto. Klachi, rangi, na kipimajoto kilichokufa kabla sijazaliwa vilikwenda kulia. Iliyomsumbua ni redieta. Kuipeleka Kisumu ifunguliwe, mirija yake isafishwe mmoja mmoja, kisha ichomelewe tena, ilitaka hela na ilitaka siku, na ng'ombe dume wa kuuza alikuwa mmoja tu. Aliiandika kushoto, akaifuta, akaiandika kulia, akaifuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mama alikuwa akimtazama kutoka jikoni, mkono kiunoni, na kumwambia kwamba mtoto atazaliwa akiwa na kitambulisho kabla hilo daftari halijaisha.

Fundi alikuwa mtu wa kuja, kutoka upande wa Kakamega, aliyepanga chumba sokoni Kombewa nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Alikuja na mfuko wa spana na turubai, akafanya kazi uwanjani kwetu wiki mbili nzima. Nilimpenda. Alikunywa chai yake nyeusi tii, alipanga vyuma juu ya gunia kwa mpangilio ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuruga, na mimi aliniita "mwenye gari", kwa kuwa aliambiwa ndimi ninayelinywesha. Uwanja wote ulinuka mafuta ya taa, hata ugali ulikuwa na ladha ya mafuta ya taa, na hakuna aliyelalamika.

Siku alipokitoa kichwa cha injini, alikuta njia za maji zimejaa kitu cha kahawia. Akakwangua kidogo kwa bisibisi, akakisugua kati ya vidole.

"Mwalimu, hii ni kutu ama ni matope? Munaweka maji gani?"

"Ya tangi. Ya mvua," Baba alijibu kwa fahari. "Huyu binti yangu ndiye huteka."

"Ni ukweli, mwenye gari?"

Niliangalia miguu yangu. Ningeweza kusema. Walikuwa wameinama pale wote wawili, wakinisubiri kwa upole, na neno lilikuwa mdomoni. Baba akacheka, akasema naona haya kwa kusifiwa.

"Kama ni ya tangi, basi hii ni kutu ya uzee tu," fundi alisema. "Tutaosha. Redieta iko sawa."

Baba akachukua kalamu na kuiandika redieta upande wa kulia, safari hii bila kuifuta. Ile akiba akainunulia ringi nzuri zaidi, mpya kabisa, na akatembea uwanjani akipiga mluzi. Fundi alipitisha maji ndani ya redieta, yakatoka, akaridhika. Matope yaliyoganda ndani ya mirija hayakuonekana, na kama angejua ni ya ziwa angeyatafuta. Injini ilipowaka haikutoa moshi hata kidogo. Majirani walipiga vigelegele. Fundi akamwonya Baba asiikimbize miezi ya kwanza, kwa maana injini iliyofungwa upya hupata joto upesi.

Siku ya Mama ilikuja wiki mbili kabla ya wakati, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Nilichukuliwa nami ili nishike mfuko wa nguo za mtoto. Baba aliikimbiza. Ungefanya nini, mke wako akiwa ameng'ata kanga kwenye kiti cha nyuma? Tulipokuwa tumeshapita Holo nilisikia harufu ya sufuria iliyokaukiwa na maji, kisha mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Baba aliuona, akajua, na hakusimama. Simlaumu. Injini ikagonga mara tatu kwa ndani, kama mtu anayebisha hodi, kisha ikazima, na gari likajikokota mpaka kando ya barabara.

Tulikaa pale muda mrefu. Waendesha baiskeli walisimama, wakasema "mos, mos," pole, wakaendelea na safari zao. Mwishowe lori la mchanga likasimama, na wanaume wakampandisha Mama juu ya mchanga, Baba akimshika kichwa. Mimi nikaachwa kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia. Alinipa mahindi mawili, na nikayala yote. Yalikuwa matamu, na utamu ule sijausamehe hadi leo.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama alipona, lakini hakupata mwingine.

Wiki moja baada ya mazishi, gari likiwa limevutwa kwa trekta mpaka nyumbani, fundi alikuja mwenyewe bila kuitwa. Aliomba ruhusa, akaitoa redieta, akaifungua kwa moto mbele ya Baba na majirani. Tope jeusi likaanguka chini, pande zima, na ndani yake kulikuwa na kigamba cha konokono. "Mwalimu," alisema polepole, "hii ni ziwa."

Baba akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu tangu wiki ile. "Uliteka wapi?"

"Kwa tangi," nikasema.

Mara ya kwanza nilinyamaza, na ukimya unaweza kuutafutia udhuru. Mara ya pili nilisema, kwa sauti, na kila mtu akasikia. Jirani mmoja akasema waziwazi kwamba mtu wa kuja ameweka tope mwenyewe ili kuficha ringi kuukuu alizofunga. Wengine wakaitikia. Fundi aliniangalia mimi, si wao. Sikuona hasira, niliona uchovu tu. Akajipangusa mikono, akasema, "Haya. Mtoto amesema," akaokota spana zake moja moja na kuondoka.

Baada ya mwezi hakuna aliyempelekea hata baiskeli. Wakaanza kumwita mwizi sokoni, kisha muuaji. Alimuuzia mwenye kinu jeki yake, halafu turubai, halafu spana, na siku moja chumba kikawa na mpangaji mwingine. Walisema amekwenda Sondu na mke wake na watoto wawili. Baba hakuendesha gari tena. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Kila matanga aliyohudhuria, mpaka akafa, aliwasimulia vijana habari za fundi aliyemlaghai akamuulia mwana, nami nilikuwa nikipita na sinia la chai, nikisikiliza.

Siku hizi ukienda kwetu hutayaona haya ninayokusimulia. Ziwa limepanda, limemeza pale tulipokuwa tukisugua sufuria, na juu yake limetanda gugumaji. Tangi lilipasuka miaka mingi iliyopita na sasa linafugiwa mbuzi. Penye kinu pana duka la simu. Wale wasichana walioimba wameolewa mbali, na wawili wamezikwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu nimeitembea miaka thelathini na bado naiona inaendelea.

Baada ya kumkimbia yule fundi wa Kibuye, Jumapili nilikwenda kwa Mama. Nilimkuta ameketi barazani akichambua mchele wa Ahero niliompelekea juma lililotangulia. Nilimwambia yote bila kupumzika, nikitazama sakafu. Nilipomaliza, vidole vyake bado vilikuwa vinatoa mawe.

"Nilijua," alisema. "Ni mimi nilikuwa nafua nguo zako, nyathina, mtoto wangu. Maji ya tangi inaacha tope ya ziwa kwa sketi?"

"Na ukanyamaza, Mama?"

"Nilikuwa nimezika mmoja. Baba yako angekufanya nini siku ile? Yule alikuwa mtu mzima. Alikuwa mtu wa kuja. Nilisema, huyu atapata kwingine."

Nilitegemea nitalia, au nitapata nafuu. Nilipata hasira. Tulikuwa tumeubeba mzigo mmoja chini ya paa moja, kila mtu peke yake, na mtu wa tatu ndiye aliyeulipia. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesema "kwa tangi", na hasira ikakosa pa kukaa.

Nikamwambia tutakwenda Sondu. Tutapita kila gereji, tutauliza. Akiwa hai ni mzee sasa, na akiwa amekufa ana watoto, na watoto wale wamekua wakisikia baba yao aliitwa muuaji. Watayasikia kutoka mdomoni mwangu. Mama hakubisha. Aliweka sinia la mchele chini, akasema ataleta kitambaa chake cha kichwa, twende hata kesho.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza. "Jina lake."

Mama alifungua mdomo. Nikamwona akitafuta, macho yakienda mbali, yakirudi, yakienda tena. Baba huenda alilijua. Majirani wa wakati ule wamekwisha. Mama aliiweka mikono yake mitupu juu ya magoti.

"Fundi," alisema mwishowe. "Tulikuwa tunamwita Fundi."