Pumzi Niliyoibana Malaba

Sifa ni zake Mungu Baba, aliyenilinda nilipokuwa kijana nisiyejua kujilinda, akanifikisha umri huu wa kuketi na kuandika. Ameniachia macho ya kuuona mstari huu na meno ya kutosha kutafunia mahindi ya kuchoma. Kwa hayo, na kwa mengine mengi ambayo sikuyaona yakija, namshukuru kwanza, ndipo nisimulie.

Miaka ya sabini nilikuwa mchukuzi wa magunia pale Malaba, upande wetu wa Kenya. Tulishusha chumvi, tukapandisha kahawa, na jioni nilitembea kurudi nyumbani, upande wa Amukura. Mwili ulirudi, roho haikurudi. Ilibaki mpakani ikiyatazama malori yakivuka kwenda Uganda, na mengine mbali zaidi, Rwanda na Zaire. Mimi niliyebeba mizigo ya nchi hizo zote sikuwa nimefika hata Kisumu.

"Hata ugali unakula umesimama kama askari wa lango," mama aliniambia. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama."

"Basi keti tushukuru, chakula kisipoe."

Niliketi, nikafumba macho. Katikati ya sala nikasikia lori likibadilisha gia mlimani, na kwa sauti tu nikajua kama limebeba au ni tupu. Amina yangu ilichelewa, mama akanitazama.

Kisha mpaka ukafungwa. Ilikuwa hivyo miaka ile: wakubwa wakikosana, lango linashushwa, na malori yanapangana barabarani usione mwisho wake. Madereva walifua nguo, wakazianika kwenye vioo vya pembeni. Walicheza bao, wakagombana, wakapatana. Sisi wachukuzi tulikaa bure, na kwangu mimi kukaa bure kulikuwa kama kuwashwa mwili mzima.

Mmoja wa madereva hao alitoka Mombasa, mtu mzima wa kifua kipana, aliyejifunza bandarini kwa mabaharia mchezo wa ngumi na mateke, ule ambao vijana wa leo wanauita kikboksi. Asubuhi alitufundisha, yeyote aliyetaka. Taniboi wake, yaani msaidizi wa lori, alikuwa ameshuka njiani kwenda kuoa na hakurudi, kwa hiyo kiti cha pembeni kwenye lori lake kilikuwa wazi. Vijana wengi walikitaka. Mwishowe tukabaki wawili: mimi, na mvuvi kutoka Sio Port, kule ziwani, aliyeleta omena, wale dagaa wadogo, za kuuza ng'ambo akakuta lango limefungwa.

"Sikizeni, wanangu," dereva alisema. "Huko niendako mzigo hulindwa kwa mikono. Mtapigana kwa sheria, wala sitaki chuki. Atakayeshinda, kiti ni chake."

Niliomba sana usiku ule. Sikumwomba Mungu aniongoze. Nilimwomba kiti.

Uwanja wetu ulikuwa turubai la lori, lililotandazwa katikati ya malori yaliyogeuzwa yakatazamana. Kamba za kufungia mizigo zilifungwa bampa hadi bampa, na kengele ilikuwa rimu ya gurudumu iliyogongwa kwa spana. Wachukuzi wote walikuwa upande wangu. Upande wa mvuvi walisimama akina mama wauza ndizi, kwa sababu, walisema, alikuwa mwembamba na hana mtu.

Rimu ikalia. Mvuvi akaja polepole, na kila akitupa ngumi alitoa sauti ya "sss" kupitia meno.

"Hii kijana ya omena inachemka kama birika," mchukuzi mmoja akasema, watu wakacheka.

"Ngoja ichemke ikuunguze wewe," mama mmoja akamjibu.

Raundi ya kwanza nilimpiga. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye, na teke langu lilimsukuma hadi kwenye kamba. Wenzangu walinishangilia kwa neno letu la kazini: "Bana! Bana!" Ni lazima nieleze. Siku ya kwanza ya kazi, mchukuzi wa Malaba hufundishwa kubana pumzi. Unavuta hewa, unafunga mdomo, tumbo linakuwa gumu, ndipo unanyanyua gunia, na huachii mpaka ulitue. Ukiachia mapema, mgongo unakwenda. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nitoke shuleni, na mwili wangu haukujua tena njia nyingine ya kutumia nguvu. Kwa hiyo kila ngumi niliyotupa niliibania pumzi. Kila teke nililipiga kama mtu anayepandisha kahawa.

Raundi ya pili magunia hayo yasiyoonekana yakanielemea. Miguu ikawa mizito, masikio yakavuma. Nilisikia "Bana!" nikabana, nikasikia tena nikabana zaidi. Mvuvi aliendelea na sss yake, wala haraka hana. Kisha akanisukuma kwa unyayo tumboni, si kwa nguvu, nami nikaketi juu ya turubai. Sikuumia popote. Nilitaka kuinuka, lakini hewa haikupatikana. Dereva alihesabu juu ya kichwa changu kwa sauti ya upole, na ule upole ndio uliouma.

"Mzee, nipe nafasi nyingine," nilimwambia baadaye, alipokuwa akikunja turubai.

"Kiti ni kimoja, mwanangu."

"Sikupigwa. Nilichoka tu."

"Kuchoka ndiko kupigwa," alisema, akanipa upande mmoja wa turubai nimsaidie kukunja.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikwenda hadi Bumala bila shughuli, nikarudi. Kanisani nilikaa karibu na mlango. Nilipiga hesabu za kijinga: pengine mvuvi ataugua, pengine dereva atabadili nia. Kisha habari ikaja kwamba lango linafunguliwa, na barabara nzima ikalipuka kwa kelele za injini.

Nilipofika kwenye lori la dereva, mvuvi alikuwa peke yake nyuma, akipanga upya magunia yaliyolegea. Alinyanyua kwa sss yake ile ile. Pumzi ikatoka, tumbo likalegea, na gunia likamrudia kifuani. Akaliachia, akashika kiuno.

"Kaka," aliniita, "nyinyi mnafanyaje? Hii kitu inanivunja."

Nilisimama pale. Dereva alikuwa forodhani na karatasi zake. Angerudi akamkuta kijana ameshika kiuno na mzigo haujapangwa, angehitaji mtu wa kazi papo hapo, na mtu huyo alikuwa amesimama karibu na gurudumu. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kunyamaza tu.

Siwezi kueleza kilichonifungua mdomo isipokuwa kwa kusema ni neema. Sikujisikia mwema. Nilikuwa na hasira bado.

"Vuta," nilimwambia. "Funga mdomo. Kaza tumbo. Sasa nyanyua. Usiachie mpaka litue."

Gunia likapanda. Akashangaa, akacheka.

"Kumbe siku ile ulikuwa unafanya hivi?"

"Eeh."

"Na ngumi? Kaka, ngumi ni kafi. Ukivuta kafi ziwani na umebana pumzi, hufiki mbali. Unatoa na kila pigo. Hebu tupa."

Nilitupa ngumi hewani, nikatoa pumzi. Mkono ulienda mwepesi kana kwamba si wangu. Tukapanga magunia yale pamoja mpaka mwisho, yeye akibana, mimi nikitupa ngumi kati ya gunia na gunia kama mwendawazimu. Dereva alirudi akatukuta hivyo. Alitutazama, akawasha injini. Mvuvi akapanda kiti chake. Lori likavuka.

Nilibaki. Nilipigana tena baadaye, Busia mjini, nikashindwa tena, ila mara ile nilimaliza nikiwa wima. Hamu ya kuondoka haikuisha kwa sababu ya somo hilo. Iliendelea kuniamsha kwa miaka. Lakini nilianza kuomba kwa namna nyingine. Zamani niliomba nikiwa nimejikaza, nikingoja jibu kama anayengoja mahali pa kutua mzigo. Nilijifunza polepole kusema ninachotaka mbele za Mungu, kisha kukiachia, hata kama mikono ilikuwa bado inakidai.

Wewe unayesoma, Mungu akutunze siku utakapomwona mwenzako ameketi mahali ulipopaomba wewe. Akupe neno jema la kumwambia kabla hajaondoka, na akurudishe kwako salama, ukute kuna anayekungoja mezani. Amina.