Mshono Kwenye Shavu la Fundi

Nilipanga chumba kwa miezi mitatu mkabala na kwa fundi cherehani mmoja, na muda wote huo sikuwahi kumwona binti yake ameketi. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea uchoraji. Wenzake walimwita Sisimizi. Alikula amesimama, akachora amesimama, na akichoka kuchora aliizunguka meza ya kukatia nguo mpaka mama yake amfokee: "We, unanipeperushia vitambaa!"

Picha yake ya mtihani ilikuwa ya huyo mama: uso tu, mkubwa kuliko mlango, pini tano zimebanwa midomoni. Mama hakuwa ameambiwa. Turubai la upana huo halikupatikana, kwa hiyo binti alimpelekea vipande viwili, akasema ni vya kazi ya chuo. Mama akaviunga kwa mshono wa kurudia, akauvuta kwa nguvu, akaridhika. Sisimizi akauonea haya. Akaufukia kwa chokaa iliyochanganywa na gundi, akapiga msasa mpaka ukapotea, ndipo akachora. Mara nne aliukwangua uso mzima akaanza upya.

"Macho bado yananikataa," aliniambia siku moja mlangoni kwangu, mguu ndani, mguu nje. Akaondoka kabla sijajibu.

Asubuhi ya maonyesho nilimkuta ukumbini anaishusha picha. Chokaa ilikuwa imekauka ikapasuka. Ufa ulianzia sikioni ukakata shavu hadi kidevuni, na vipande vilikuwa vikidondoka sakafuni. Mwalimu wa mtihani angepita saa nne. Asiye na kazi ukutani angerudia mwaka.

"Heri nirudie," alisema. "Nimempasua mama yangu mbele za watu."

Mama mwenyewe alikuwa ameshaingia, mkoba kwapani. Akaitazama ile picha. Sisimizi akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Tulia, mwanangu, unanitia kizunguzungu. Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Ungesubiri basi niziteme hizo pini." Akasogea, akapitisha kidole juu ya ufa. "Na hii takataka?"

"Chokaa. Nilifunika mshono usionekane."

"Mshono wangu?" Akageuka. "Sare zako zote za shule nimeshona mimi. Ulikuwa unazificha?"

Mama akatoa mkobani kisu chake cha kufumulia nyuzi, akampa.

"Bandua. Yote. Mimi nashika kwa nyuma."

Akabandua. Mshono ukatokea mweupe, umenyooka, rangi imekomea huku na huku. Muda wa kuupaka haukuwepo. Wakaitundika hivyo hivyo.

Mwalimu alipofika aliuliza kama mstari ule ulikusudiwa. Sisimizi akamtazama mama yake.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nauficha. Ameushona yeye."

"Uvute, mwalimu," fundi akadakia. "Uvute uone kama utaachia."

Mwalimu hakuvuta. Aliinama, akaukagua mshono mwanzo hadi mwisho, kisha akaandika kwenye karatasi yake kwamba kazi imepita.

Hapo ndipo nilipomwona Sisimizi ameketi kwa mara ya kwanza, sakafuni, chini ya kidevu cha mama yake, goti moja likiendelea kutikisika.

"Inuka," mama akamwambia. "Unachafua sketi."