Mzee Aliyesahihisha Mchoro Wangu wa Ubongo

Kama nadanganya, waulizeni watu wa Chala waliokuwapo barabarani jioni ile. Wengi bado wazima. Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa sabuni na mitumba, malori ya mahindi yakipita kutwa. Mimi nilikuwa nasomea utabibu, nimekuja nyumbani likizo.

Nimeketi barazani, nachora ubongo kwenye karatasi ya manila. Nilijivunia, jamani! Mikunjo yote ya juu, mtaro mrefu unaotenganisha nusu mbili, ubongo mdogo kisogoni, na shina linaloshuka kuwa ule ugwe wa ndani ya uti wa mgongo. Kumbe kuna mtu kasimama nyuma yangu: mzee mwenye koti la kaki, shingo kaipinda upande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huku juu umepatia. Hapa shingoni umekosea, umeuchora ugwe kama gogo. Ni kama kidole chako kidogo tu, na uhai wote unapita hapo."

Nani kamfundisha? Kabla sijauliza, akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kisogo chake. Niaminini: kidole kilizama. Pale panapopaswa kuwa na mfupa hapakuwa na kitu, na baridi yake ikanipanda mpaka begani.

"Nilipoanguka nilikuwa hai," akasema. "Walioniinua ndio walioniua. Kimbia!"

Papo hapo nikasikia mayowe barabarani. Nikageuka kumtazama mzee, hayupo! Nikatimua mbio. Kijana mpakiaji alikuwa ameporomoka kutoka juu ya magunia ya lori, na wanaume wawili wamemshika kichwa, wanamvuta akae.

"Mwacheni! Msimwinue!"

Sauti ile niliitoa wapi, sijui. Nikapiga magoti, nikakishika kichwa chake kisitikisike. Tukang'oa mlango wa duka, tukamlaza juu yake, tukampeleka hospitali Sumbawanga kwa lori lile lile, mikono yangu imekufa ganzi kwa kukishika kichwa njia nzima. Daktari akasema mfupa wa shingo umevunjika, ila ugwe uko salama. Nilirukaruka kama mtoto!

Niliporudi nikamsimulia mama habari za yule mzee. Akakaa chini taratibu.

"Huyo ni baba yako mkubwa. Alianguka kutoka kwenye paa kabla hujazaliwa. Waliomkuta wakamvuta shingo ili wampe maji, akafa mikononi mwao."

Yule kijana leo ana watoto sita. Mimi nahudumia majeruhi mpaka sasa, na akiletwa aliyeumia shingo, mimi kwanza hugeuka nikatazama nyuma yangu.

Kwa hiyo mkimkuta mtu ameanguka, msimvute kichwa. Na akitokea mzee msiyemjua akawakataza, mtiini kwanza. Kwao ni wapi, mtauliza baadaye.